Mbilingani Uliogoma Kukua

Jumapili, 2 Machi

Kinyozi akikosa kichwa cha kunyoa hukosa na pa kupeleka maneno. Ndiyo maana nimeanza daftari hili.

Nyumba ni ya mwanangu, dereva wa malori ya safari ndefu, ambaye huwa kwake siku chache kwa mwezi, na nyingi kati ya hizo amelala. Tangu tumzike mama yake mwaka jana alinishikilia nije nikae nao. Nilikataa mpaka nikaishiwa sababu, nikaja. Yupo mjukuu wangu wa kike, miaka sita, anayeuliza maswali hata usingizini. Na yupo mama yake, mkaza mwana wangu, fundi wa friji, anayeyajibu maswali hayo kwa neno moja moja. Mimi huniamkia asubuhi, hunikaribisha chakula jioni, na kati ya hapo ni kimya. Mtu niliyeishi kwa kupiga soga nimeletwa kwenye nyumba ya kimya.

Nilikuja na sanduku, mkasi wangu, na mbegu za bilinganya za marehemu. Kila msimu aliacha tunda moja likomae kabisa, akatoa mbegu, akazikausha na kuzifunga kwenye kitambaa. Msimu uliopita hapakuwa na wa kufanya hivyo. Kwa hiyo hizi ndizo za mwisho, na zimezeeka. Nilizisia zote kwenye mkebe, ikaota miche mitatu. Jana nimeihamishia ardhini, uani.

Jumanne, 4 Machi

Kiwavi amekata mche mmoja shingoni, safi kabisa, kazi ya wembe.

Ijumaa, 7 Machi

Kuku wa jirani kala wa pili. Huu wa tatu nimeuzungushia rafu za waya za friji nilizozikuta uani. Sikuomba ruhusa.

Jumapili, 16 Machi

Majani manne siku niliyoupanda, majani manne leo. Haunyauki, haukui. Upo tu, kama mteja aliyekaa kitini akasahau alikuja kukatwa mtindo gani.

Jirani tunayemwita Bwana Dawa, fundi rangi mstaafu, ana tiba ya kila ugonjwa duniani. Mwanzoni mwa wiki aliagiza majivu. Katikati ya wiki, maganda ya mayai. Leo anasema mmea ukidekezwa hulegea, niusemeshe kwa ukali. Namnyoa bure kwa mkasi, naye ananitibia bure. Tumetoshana.

Mkaza mwana hupita hapo kila mara kuchukua vipuri kwenye friji mbovu alizozipanga ukutani, moja juu ya nyingine. Mche hajautupia hata jicho. Wakati mwingine nahisi nami ananihesabu pamoja na zile za ukutani: friji iliyoletwa, mwenyewe hajarudi kuichukua.

Jumatatu, 24 Machi

Namwagilia asubuhi, mchana na jioni. Marehemu alikuwa akisema bilinganya hupenda maji. Sikuwahi kumuuliza kiasi gani.

Jumapili, 30 Machi

Leo mkaza mwana amesimama. Alikuwa amebeba begani kompresa, moyo wa friji, akaishusha, akachuchumaa mbele ya mche, akauliza ni wa nini. Nikamwambia ni bilinganya, mbegu za mama yenu, na ndizo za mwisho. Aliingia karakana, chumba cha mbele ambacho watu wengine wangekifanya sebule, akarudi na bisibisi ndefu. Akaichoma ardhini pembeni ya shina, akaichomoa. Ilitoka na matope mpaka karibu na mpini.

Nilijua nimekamatwa. Wiki iliyopita nilimsikia akimweleza mteja kwamba ni yeye mwenyewe aliyeitoboa friji yake kwa kisu akikwangua barafu, na alimweleza kwa namna ambayo yule bwana aliondoka akishukuru. Kwangu alitumia sauti ile ile. Alisema mizizi nayo hupumua, na hii inaogelea. Kisha akasema:

"Baba, kuanzia leo maji ni yako peke yako. Mimi sitagusa, na mtoto hatagusa. Ingiza kidole kwanza. Pakiwa na unyevu, acha. Na tusibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Mche ukipona hatutajua umeponywa na nini."

Nimekaa nikiyatafakari. Mwingine angeninyang'anya ndoo. Yeye amenikabidhi.

Alhamisi, 3 Aprili

Kidole: pabichi.

Jumamosi, 5 Aprili

Kidole: pabichi bado. Bwana Dawa anashauri maziwa. Mjukuu ameketi mbele ya mche na fimbo ili asiukaribie.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua zimeanza. Kidole changu kimepewa likizo.

Jumapili, 13 Aprili

Maji yamerekebishwa, mche haujarekebika. Umerefuka kidogo, lakini umekuwa mwembamba na umeinamia upande mmoja, kama mtu anayechungulia kwa jirani.

Mkaza mwana alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama. Baadaye akatoka tena. Nilipomwona mara ya tatu amesimama pale pale nikaelewa kwamba anaangalia kivuli. Zile friji za ukutani zilikuwa zikiufunika mche mpaka jua liwe utosini, na likishapinda tu, nyumba inaufunika upande wa pili. Akasema, "Mche una njaa ya jua, baba." Akamalizia chai yake, akavua viatu, akaanza kuhamisha friji.

Nilitaka kuita watu wamsaidie. Alinizuia kwa mkono. Nimeishi miaka mingi sijaona kitu kama hicho. Habebi. Anaiinamisha friji ikasimama kwa pembe moja, anaizungusha, anaishusha, anaiinamisha kwa pembe nyingine, na friji inatembea, kulia, kushoto, kama mlevi anayesindikizwa kwake na rafiki mwenye subira. Zile za juu alizishusha kwa kuziserereshea kwenye mbao mbili. Moja baada ya nyingine alizitembeza mpaka kando ya lango, ambako sasa wateja watazipita kwa ubavu. Najua alizipenda pale ukutani, maana mvua haikuzifikia. Sasa amezifunika kwa turubai na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Mwisho akang'oa mlango mweupe wa friji moja, akauegemeza kwenye rafu upande wa nyumba. Jua lilipoupiga, mwanga ukarudi ukauangukia mche. Majani yote manne yaling'aa.

"Hicho ni kitu kimoja au viwili?" nikamuuliza.

"Ni jua tu, baba. Nimelileta kwa njia mbili."

Jumapili, 20 Aprili

Jani la tano! Nimemwita mjukuu, nimemwita Bwana Dawa. Bwana Dawa anasema ni majivu yake yale.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nimekaa karakana mchana kutwa kwa sababu ya mvua. Ni chumba chenye mpangilio kuliko nilivyodhani: mirija ya shaba imetundikwa kwa urefu, mitungi ya gesi kwenye kona, bisibisi zimepangwa kwenye mkebe uliokatwa. Alileta mtu friji inayonguruma. Mkaza mwana aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye kompresa na mpini sikioni, akafumba macho. Yule mtu akaanza kueleza ilivyoanza, na mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, nikaanza kumwitikia, tukanoga. Mkaza mwana akafumbua macho akatutazama kwa upole, tukanyamaza wote wawili.

Mtu alipoondoka aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba hitilafu nyingine huwa na sauti ndogo sana, na aliyemfundisha kazi alimwambia ukizoea kusema utazikosa. "Nikiwa kimya, baba, usidhani nimekasirika. Nakuwa sijatoka kazini bado."

Nimekuwa nikimhukumu tangu Januari kwa kosa la kusikiliza.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Mche umesimama tena. Majani matano.

Jumapili, 4 Mei

Naandika mengi leo kwa sababu nimegombana na mkaza mwana, na niliyegombana ni mimi peke yangu, maana yeye hakuinua sauti.

Imenyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi jani la chini kabisa lilikuwa njano, la juu yake limeanza kufifia pembeni. Yeye alikuwa ameshatoka kuutazama kabla yangu. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anachimba kwa vidole mbali kidogo na shina, polepole, kama mtu anayepapasa sindano. Akasimama ghafla. Akaushika mkono wangu, akauongoza chini kwenye lile shimo. Kabla kiganja hakijazama chote niligusa kitu baridi na kigumu.

Zege. Mafundi waliojenga nyumba walikorogea zege hapo, wakaacha mabaki, wakafukia kwa udongo. Akanionyesha mizizi: imeshuka, imegonga zege, imegeuka, inazunguka na kuzunguka imebanana kama nywele zilizoshindiliwa chini ya kofia. Maji ya mvua nayo yametuama juu ya zege hilo hayana pa kwenda. Ndiyo maana maji tulirekebisha, jua tukarekebisha, na bado.

Alisema tuuhamishe. Pale friji zilipokuwa amechimba mpaka kiwiko hakukuta kitu, amemwaga ndoo ya maji imekauka huku anaangalia. Ni pazuri.

Nikakataa. Nilimwambia mche mgonjwa hauhamishwi, hata mtoto anajua. Nilimwambia tungoje mvua zipungue, uote nguvu kwanza. Akasema hauwezi kuota nguvu hapo ulipo. Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba hii si friji, ukikosea hauwezi kuifungua ukaanza upya, na kwamba yeye hajui kitu hiki ni nini kwangu.

Alinawa mikono kwenye ndoo. Alichukua muda mrefu kuinawa. Kisha akasema:

"Mama alinipa mbegu hizi mara mbili, baba. Mwaka nilioolewa, na mwaka aliozaliwa mtoto. Nilizipanda hapo hapo. Kila mara zilisimama hivi hivi, na kila mara nikasema ngoja, ngoja kidogo. Zikafa nikiwa nangoja. Mama alipouliza nikamwambia zimeliwa na kuku."

Nikalitazama lile jani la njano.

"Tukiuacha utakufa polepole," akasema, "na sisi tutauita woga wetu subira."

Nikaingia ndani. Sikula.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Jani la pili limekuwa njano lote. Mkaza mwana ameniamkia kama kawaida. Hajagusia habari ya jana, na hajagusa mche. Usiku uliopita nilikuwa na hakika atauhamisha mimi nikiwa nimelala, aniambie asubuhi. Nilitoka na tochi nikaukuta pale pale. Anajua yuko sahihi, na bado ananingoja.

Nimemnyoa Bwana Dawa. Hata yeye leo hakuwa na dawa. Alisema tu kwamba amepaka nyumba nyingi rangi mpya juu ya ukuta wenye unyevu, kwa sababu wenyewe hawakutaka kusikia ukuta ubomolewe, na hakuna hata moja iliyodumu.

Jumanne, 6 Mei

Jua lilipopoa nilikwenda mlangoni mwa karakana nikamwambia, "Haya mwanangu. Tuuhamishe."

Alikuwa na kila kitu tayari. Alikuwa amekata bamba la ubavu wa friji mbovu, ameukunja ukingo mmoja usimkate mtu. Tulichimba mtaro kuzunguka mche, mpana, ili mizizi ibaki ndani ya bonge la udongo. Halafu akaliingiza bamba chini ya bonge, juu ya zege, akilisukuma kidogo kidogo kama mwokaji anayechopoa mkate. Zege ambalo lilitutesa ndilo lililomrahisishia kazi, bamba liliteleza juu yake. Tukashika mimi upande huu, yeye ule. Mikono yangu siku hizi hutetemeka, ndiyo iliyonifanya niache wembe, nikamwambia ashike mtu mwingine. Akasema, "Shika tu, baba. Bonge ni zito, litaituliza." Na kweli, uzito uliituliza.

Tulitembea hatua chache zile kama watu waliobeba bakuli lililojaa. Mjukuu alitutangulia akiondoa mawe njiani na kututangazia kila shimo. Tukaushusha, tukajaza udongo, tukaushindilia kwa ngumi taratibu. Ule mlango mweupe aliugeuza ukawa wa kutia kivuli badala ya mwanga, kwa siku za mwanzo.

Nikamuuliza sasa tufanye nini.

"Sasa tungoje," akasema. "Sasa kungoja ni haki yetu."

Jumatano, 7 Mei

Umelala. Majani yote yamening'inia.

Ijumaa, 9 Mei

Umelala.

Jumatatu, 12 Mei

Umelala. Majani mawili ya njano yamedondoka. Mwanangu amepiga simu akiwa njiani, akasema kuna maduka yanauza miche mizuri ya bilinganya, atatuletea kumi. Mkaza mwana alichukua simu, akatoka nayo nje. Aliporudi mwanangu alikuwa ananisalimia kwa sauti ya kanisani.

Jumapili, 18 Mei

Haujalala. Sisemi umeamka. Nasema haujalala.

Ijumaa, 23 Mei

Kuna kitu katikati, kidogo kama punje ya mchele, kijani. Nimemwita mkaza mwana aache kazi. Akaja na gesi ya kuchomelea mkononi inawaka, akaizima, akainama, akatazama. Akatabasamu. Anapotabasamu anafanana na mwanawe, jambo ambalo nimekaa nyumba hii miezi yote sikuwahi kupata nafasi ya kuliona.

Jumapili, 1 Juni

Majani saba. Shina limekuwa na rangi ya zambarau kama la mimea ya marehemu. Mlango mweupe umerudishwa kazini.

Jumamosi, 14 Juni

Siwezi kuhesabu majani tena. Sasa najua kila kitu alichofanya alikifanya kwa mpango: maji, akaangalia, jua, akaangalia, udongo mwisho, kwa sababu ndio uliokuwa na hatari. Nimenyoa watu wakubwa maishani, mahakimu, wahubiri, mabingwa wa mpira, wote walinisimulia mambo waliyoyatenda. Huyu nimemwona kwa macho, na hakusimulia.

Jana nilimwambia hivyo. Alisema, "Asante baba," akauliza kama nimeona koleo yake ndogo.

Jumapili, 22 Juni

Ua.

Jumanne, 24 Juni

Ua limeanguka. Mkaza mwana anasema la kwanza huanguka, hata Bwana Dawa amekubaliana naye.

Jumapili, 6 Julai

Matunda mawili, na maua mengine juu. Yana mistari ile ile ya matunda ya marehemu, myeupe kwa zambarau. Tumekubaliana la kwanza liachwe kwa mbegu, la pili liliwe mwanangu akirudi. Mjukuu amefunga uzi mwekundu kwenye kikonyo cha lile la mbegu, na amemwonya kila mtu, mpaka kuku.

Jumamosi, 19 Julai

Mwanangu amerudi jana. Leo mkaza mwana amelichuma lile la pili, akalikata vipande, akakaanga kwa vitunguu. Tumekaa mezani wanne, sahani ya bilinganya katikati, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Wakaniachia mimi.

Nikala. Nikafumba macho. Lilikuwa lenyewe, la marehemu hasa, na kwa muda nilikuwa nyumbani kwangu, dirisha wazi, yeye ananitazama nikitafuna.

Mwanangu akala, akatafuna polepole. Mjukuu akakitema chake mkononi. Mkaza mwana akameza, akanywa maji, akaniangalia, nikaona anatafuta maneno kama anavyowatafutia wateja.

"Baba," akasema, "ni chungu."

Sasa itabidi niandike jambo ambalo sikuliandika popote hapa. Yalikuwa machungu siku zote. Matunda ya mke wangu yalikuwa machungu tangu msimu wa kwanza wa ndoa yetu, na niliyala maisha yangu yote nikiomba niongezewe, kwa sababu alikuwa akinitazama, na alikuwa ameyahangaikia. Nilisema hivyo pale mezani. Ni mara ya kwanza nimelisema kwa mtu yeyote.

Mwanangu aliweka kijiko chini.

"Baba, mama hakuyapenda," akasema. "Alikuwa akiniambia jikoni, haya makitu siyawezi, lakini baba yako angekosa raha nisipoyapanda. Ndiyo maana aliyapanda kila mwaka."

Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia katika nyumba hii. Mkaza mwana alikuwa anacheka. Alianza kidogo, akajiziba mdomo, ikamshinda, akacheka mpaka akaegemea friji ya jikoni. Mwanangu akafuata. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka, na sikuyafuta, na hakuna aliyenisemesha mpaka yalipokwisha yenyewe.

Mjukuu akauliza kama sasa afungue ule uzi mwekundu, maana hakuna anayelitaka lile tunda.

"Usiuguse," mama yake akamwambia. Kisha akachukua sahani yangu na, bila kuniuliza, akanipakulia tena, na yake akaipakulia vile vile.